Nauza Kila Siku, Mtaji Unaisha: Je, Ni Maneno Yangu?

"Nauza blauzi za mtumba soko la Memorial hapa Moshi, huu ni mwaka wa nne. Wateja ninao na kila jioni narudi na hela, lakini kila nikienda kuchukua belo jingine lazima nikope cha kuongezea. Mwaka huu nimeshaingia mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku, mara mbili. Mume wangu akikwama ananiambia nichukue kwenye hela ya biashara. Ndugu zangu na wa upande wake hawaishi kuniambia 'niazime kidogo'. Kwenye semina moja tulifundishwa kwamba maneno huumba, kwa hiyo mtu asiseme 'sina hela', aseme 'hela inakuja'. Nimefanya hivyo miezi kadhaa. Mtoa mada aliongeza kwamba sisi Waswahili lugha yetu yenyewe inatufanya tusiweke akiba. Je, ni kweli maneno yanaweza kuharibu au kutengeneza pesa? Na kama ni kweli, niseme nini?"

Dada yangu, ndani ya swali lako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo maana limekusumbua muda mrefu. Moja ni kama maneno yana nguvu ya kuita au kufukuza hela. La pili, ambalo ndilo linalokuumiza, ni kwa nini mtu mwenye wateja, anayerudi na hela kila jioni, alazimike kukopa ili anunue mzigo uleule aliouuza. La kwanza jibu lake ni hapana. La pili lina maneno ndani yake kweli, ila si yale uliyoambiwa uyaache.

Imani yako siigusi. Kuomba na kutumaini ni jambo lako na Mungu wako, na halikuzuii kupiga hesabu. Mimi nazungumzia ya sokoni. Ukisema "hela inakuja", mteja hasikii, belo halishuki bei na kodi ya meza haisubiri. Tena kauli hiyo ina hatari yake: aliyeizoea huanza kuitumia hela kabla haijafika. Anachukua vyombo kwa mali kauli kwa kuwa Jumamosi hela inakuja. Anasaini mkopo kwa kuwa akifungua belo hela inakuja. Jumamosi mvua inanyesha kutwa, wateja hawatokei, na deni liko palepale. Umejizuia miezi kadhaa kusema "sina hela", na bado umeingia kausha damu mara mbili. Sisemi moja limezaa jingine, lakini ni wazi halikukukinga.

Hilo la Waswahili na lugha yetu nalipita haraka. Linafanana na madai ya mchumi Keith Chen, aliyechapisha mwaka 2013 utafiti uliosema watu wanaozungumza lugha zinazotenganisha wazi wakati uliopo na ujao huweka akiba kidogo kuliko wengine. Mwaka 2015 Chen mwenyewe na wenzake walirudia hesabu wakizingatia kwamba lugha zina undugu na wazungumzaji wake hurithi mila zinazofanana, na uhusiano ule ukashindwa kusimama kwenye kipimo kikali zaidi. Kwa hiyo "nita-" yetu, inayotaja wakati ujao, haina kosa. Wanawake wanaonunua hisa kila wiki kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vya Pasua na Njoro hapo Moshi wanaongea Kiswahili hikihiki unachoongea wewe.

Maneno yanafanya kazi kwenye jina unaloipa hela. Noti ya elfu kumi ni elfu kumi popote ilipo, lakini kichwa cha binadamu hakiihesabu hivyo. Hela ya ada haiguswi kwa ajili ya soda. Hela ya zawadi huliwa bila kuulizana. Hela ya rambirambi hata mtu mkorofi wa nyumbani huiogopa. Mchumi wa Marekani Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika mengi juu ya tabia hii ya watu kugawa hela kwenye mafungu ya kichwani, kila fungu na sheria yake. Wazee wa Kilimanjaro waliijua bila kufundishwa. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, hela ya kahawa ilikuwa ya baba. Hela ya ndizi na maziwa ilikuwa ya mama. Mama aliyeshuka sokoni na mikungu yake mara nyingi hakudaiwa hesabu, maana jina la ile hela lilishasema ni ya nani na ni ya kazi gani. Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu: jina la hela hutangaza nani ana haki nayo. Isiyo na jina huwa ya anayeomba wa kwanza.

Kuna jaribio lililofanywa magharibi mwa Kenya na wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, likachapishwa mwaka 2013, ambalo linakuhusu moja kwa moja. Waliwafuata watu waliokuwa kwenye vikundi vya upatu. Baadhi walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe, wakahimizwa kuweka humo hela ya afya. Kuwa na mahali salama pa kuweka tu kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Wakajaribu pia kuifunga hela kwa kazi moja maalumu, na huko matokeo hayakuwa sawa kwa kila mtu: kulisaidia pale hela ilipotengwa kwa ajili ya dharura, na kuliwasaidia wale wanaoombwaombwa na ndugu na marafiki. Wewe ni mmoja wao. Ndiyo maana kwako jina la hela ni ulinzi, lakini jina peke yake halitoshi. Linahitaji kiasi, tarehe na mahali pa kukaa.

Tuje mezani kwako. Neno la kwanza la kuangalia ni "nimepata". Sikiliza wenzako wakikusanya nguo jioni: "Leo umepata ngapi?" "Nimepata hamsini." Aliyejibu hivyo ameuza elfu hamsini. Alichopata ni kidogo sana kuliko hapo, na bila kukusudia ameshawaambia wote wanaomsikia, pamoja na yeye mwenyewe, kwamba elfu hamsini ni yake ya kutumia.

Chukua belo la blauzi la kilo 45 kwa mfano, halafu weka bei zako halisi mahali pa zangu. Tuseme umelinunua 485,000, usafiri na mbebaji 15,000, jumla 500,000. Ndani mna blauzi 220. Sitini ni safi kabisa, unauza 5,000 kila moja. Mia moja ni za kati, 3,000. Sitini zilizobaki zina madoa au vifungo vimetoka, unazimwaga chini kwa 1,000. Zikiisha zote umeuza 660,000, na faida kabla ya gharama za sokoni ni 160,000. Maana yake, kwenye kila 10,000 unayopokea, karibu 7,600 ni belo lako linalorudi vipandevipande. Iliyozaliwa ni 2,400 tu.

Kinachoharibu zaidi ni mfuatano wa siku. Blauzi safi ndizo hutoka kwanza. Siku mbili tatu baada ya kufungua belo unashika 300,000, mkononi zinaonekana nyingi, mdomo unasema "nimepata laki tatu", na nyumbani wanasikia laki tatu. Hapo ndipo mtungi wa gesi unajazwa, mchango wa harusi unalipwa, na simu iliyopasuka kioo inapelekwa kwa fundi. Lakini siku hiyo hata mtaji haujarudi. Bado 200,000 ya belo iko mezani, imejificha ndani ya blauzi za 3,000 na za 1,000 zinazotoka polepole. Wiki ya pili unauza 20,000 kwa siku, unasema soko limekuwa baya. Soko ni lilelile. Umekula nyama ya belo mwanzoni, umebaki na mifupa.

Kwa hiyo jioni, kabla hujafunga turubai, hesabu na useme kwa sauti: "Nimeuza 55,000. Ya belo ni 42,000." Hiyo 42,000 iondoke mkononi papo hapo. Mpelekee wakala akuwekee kwenye simu kabla hujapanda daladala. Kuweka hakuna makato. Kutoa ndiko kuna makato, na kwa kazi hii makato hayo ni rafiki yako, kwa sababu hutaitoa ili ununue nyanya. Ukiweza tumia laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako, ambayo ndugu hawaijui na haitumiki kupokea hela nyingine. Salio lake litakuwa na maana moja tu: limefika ngapi kati ya 500,000. Siku ya kuchukua mzigo, kama muuzaji wa jumla ana lipa namba, mlipe kwa simu, usitoe.

Umebaki na 13,000. Ushuru, kodi ya meza ukiigawa kwa siku, nauli na chakula cha mchana tuseme 4,750. Mshahara wako 6,000. Inabaki 2,250, na hiyo nayo ipe jina lake: akiba ya belo bovu. Unajua mwenyewe kwamba kuna siku utafungua belo ukute nusu ni nguo zilizopauka. Anayekosa fungu hilo ndiye hukimbilia mkopo siku hiyo. Kwa siku 12 za kuuza belo zima, fungu hilo linafika 27,000. Halijazi pengo lote la belo bovu, ila linakupunguzia cha kukopa.

Utaniambia mshahara wa 6,000 kwa siku ni mdogo. Ni mdogo kweli, na sitaki kukupamba. Lakini ndicho kiasi ambacho meza ya mfano huu inaweza kulipa. Kwa sasa inaonekana unajilipa zaidi ya hapo bila kujua, tofauti inatoka kwenye belo, halafu unaikopa tofauti hiyo hiyo kwa riba.

Neno la pili ni dogo, watu hulipuuza: "hela imeisha". Tunasema hela imeisha, imekata, imeyeyuka, haikai. Katika kauli zote hizo anayetenda ni hela yenyewe, mwenye mkono hayumo. Na kwa kuwa hayumo, hakuna anayeuliza ilipita wapi. Kwa siku 14 jizuie kuyatumia maneno hayo na badala yake utaje kitendo: nimenunua, nimetoa, nimelipa, nimempa. "Hela imeisha" inageuka kuwa "nimempa wifi 10,000, nimenunua mchele kilo tano, nimelipa mchango wa kitchen party." Andika kwenye daftari dogo la mkononi, mstari mmoja kwa kila tukio, jioni ileile. Ukisubiri kesho yake, vitu vya 500 na 1,000 vitakuwa vimesahaulika, na mara nyingi hivyo ndivyo vingi. Hapa pia naomba usijihukumu bure. Wapo ambao wakiandika hivyo hugundua hawakufuja chochote: kipato ni kidogo na bei zimepanda, basi. Kujua hilo nako kuna faida, maana utaacha kujilaumu na utaanza kutafuta njia ya kuongeza kipato.

Sasa mume. Sidhani ana nia mbaya anaposema "hela ya biashara". Tatizo ni kwamba jina hilo ni pana mno. Mtaji umo, faida imo, mshahara wako umo, hata ushuru wa kesho umo. Akiomba 40,000 kwenye "hela ya biashara" haombi kitu kinachojulikana, na wewe huna pa kushikia ukikataa. Ukigawa majina, ombi lilelile linabadilika. Chagua wakati mmekaa vizuri, si siku aliyokwama, umfungulie daftari: "Baba watoto, naomba tuangalie hili belo pamoja. Hii ni ya belo, nikiigusa wiki ijayo sina cha kuuza. Hii ni mshahara wangu, na humu ndimo ninamochangia nyumbani. Ukikwama niambie, tutaangalia kwenye mshahara au kwenye akiba, ila ya belo tuiache." Mwoneshe namba, mwache ajumlishe mwenyewe. Mume mwenye nia njema, akishaona kwamba 40,000 ya leo ni blauzi 18 ambazo hazitakuwepo kwenye belo lijalo, huwa mlinzi wa hilo fungu. Na kama imelazimu kuchukua, iandikwe kwa jina lake halisi: "Baba amekopa kwenye belo 40,000, inarudi tarehe 28." Ikipita hapo bila kurudi mara mbili mfululizo, acheni kuiita mkopo; ni matumizi ya nyumbani, na yapangiwe kutoka kwenye vipato vyenu vyote viwili.

Kwa ndugu, neno lenye mtego ni "niazime". Tunaazima sufuria, inarudi sufuria ileile. Hela ukimwazima mtu inaliwa, na itakayorudi, ikirudi, ni nyingine ambayo lazima aitafute. Mara nyingi anayesema "niazime kidogo" anaomba msaada kwa njia ya kujistahi, na anayetoa anahesabu kwamba amekopesha. Wote wawili wana nia nzuri, na baada ya mwezi hawasalimiani vizuri. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, amua moyoni kama unatoa au unakopesha, kisha ulitamke. Kama unatoa: "Wifi, elfu tano hii nakupa, usihangaike kuirudisha." Kama unakopesha: "Nakukopesha elfu ishirini, nirudishie tarehe 5 kwenye simu, na mimi nategemea hiyo kwa kodi ya meza." Usikopeshe kiasi ambacho kisiporudi utashindwa kununua mzigo. Ushauri wangu ni huu: kwa hali uliyonayo sasa usikopeshe mtu kabisa. Toa kidogo, kwa jina la kutoa, kutoka kwenye fungu la ndugu ambalo unalitenga kwenye mshahara wako, tuseme 8,000 kwa wiki mbili. Likiisha limeisha.

Na hapa ndipo "sina hela" ilipokuwa inakukosesha. Haikufukuza hela. Kosa lake ni kwamba shangazi yako anakuona na noti nyekundu kwenye pochi ya kiunoni, unamwambia huna, anaondoka akijua umemnyima. Kweli unayo, ila si yako ya kutoa, na hilo ndilo la kusema: "Shikamoo shangazi. Hizi unazoziona ni za mzigo, Ijumaa natakiwa niwe nimelipa belo. Fungu la kusaidiana nyumbani nimeshalitoa lote kwa sasa. Tarehe moja nitakuwa nalo tena, nikupigie?" Anayesikia hivyo anaweza asifurahi, lakini hajadanganywa, na amepewa tarehe. Itakubidi uitimize tarehe hiyo. Ukisema utapiga usipige, maneno yako yote mengine yatapoteza uzito. Mwezi wa Desemba hili litakuwa gumu mara tatu, kwa sababu kila mtu anapanda nyumbani na kila mtu ana mahitaji. Anza fungu la Desemba mapema, Agosti au Septemba, hata kwa 1,000 kwa siku, ili usiende kuchinja belo mlimani.

Tufike kwenye kausha damu. Angalia tena lile neno la kwanza: tunasema "nimepata mkopo", kama vile mtu aliyepata kazi. Jaribu kulisema deni kwa urefu wake wote. Mfano wa kawaida ni huu: unapewa 300,000, unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000, na kabla ya kupewa wanakata 10,000 ya fomu. Watakuambia riba ni asilimia 20. Lakini huo mkopo hukai nao mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 180,000, ilhali riba unailipa kana kwamba laki tatu yote bado iko kwako. Ukichukua wastani wa siku zote 30, umekaa na kama 155,000 tu, na umezilipia 60,000. Hiyo ni karibu asilimia 39 kwa mwezi, bila kuhesabu fomu. Sasa linganisha na meza yako: siku ya kuuza 55,000, nje ya mtaji ulikuwa na 13,000. Marejesho ni 12,000. Inabaki 1,000 ya ushuru, nauli, chakula na nyumbani. Haiwezekani, kwa hiyo marejesho yanakula belo, na belo likipungua unarudi kwao. Watu hawakukosea walipoupa mkopo huo jina lile.

Kisheria haitakiwi kuwa hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500, hata ukiihesabu kwa mtaji wote. Kabla ya kusaini omba kuona leseni, omba mkataba kwa Kiswahili na nakala yako, na usimwachie mtu kadi ya benki na namba ya siri. Anayekunyima nakala ya mkataba umeshamjua, ondoka.

Kwa madeni uliyonayo sasa, fungua ukurasa mmoja wa daftari: anayedai, kilichobaki, kwa siku kiasi gani, mpaka tarehe gani. Kisha nenda kwa mkopeshaji kabla hujachelewa, si baada. Omba marejesho yashuke, mathalani kutoka 12,000 hadi 6,000, na siku ziongezwe, bila riba kupandishwa juu ya riba, na makubaliano hayo yaandikwe. Wengine watakubali, kwa kuwa wanajua mteja akikimbia wanapoteza zaidi. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza, hata ukiitwa "wa kukuvusha".

Kwa mtaji wa siku zijazo, mlango wa kwanza ningekuelekeza ni kikundi chenye sanduku la kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hela inahesabiwa mbele ya wote, kiasi kinatajwa kwa sauti, na mfuko wa jamii unatengwa na hela ya hisa. Kwa mtu anayeombwaombwa kama wewe, kule kutajwa mbele ya mashahidi ni nusu ya ulinzi. Hasara yake ni kwamba huwezi kuichukua siku unayoitaka, kwa hiyo peleka huko sehemu ya mshahara na akiba, kamwe usipeleke hela ya belo. Mlango wa pili ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake na haina riba. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Inachukua muda na inahitaji kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo usiitegemee kwa belo la wiki ijayo.

Fanya haya kwa mabelo mawili kamili kabla hujaamua kama yanafaa. Belo la kwanza utakosea kugawa, hilo ni kawaida. Mwisho wa la pili angalia salio la laini ya belo. Kama 500,000 imerudi na mshahara bado hautoshi, basi majina yamemaliza kazi yake na shida iko kwingine: bei unayonunulia, aina ya nguo, au mahali meza ilipo. Hapo zungumza na wenzako juu ya kununua belo la gredi bora kwa kushirikiana wawili, au ujaribu nguo za watoto, ambazo wazazi hulazimika kununua tena na tena kwa kuwa watoto hukua.

Kuna hali ambazo maandishi kama haya hayatoshi. Ukiwa unadaiwa na zaidi ya mkopeshaji mmoja na unalipa huyu kwa hela ya yule, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana: afisa biashara wa Manispaa, afisa mikopo wa SACCOS unayoiamini, au msaidizi wa kisheria. Malalamiko juu ya mkopeshaji anayevuka ukomo wa riba au anayekuja kubeba vyombo vya nyumbani bila utaratibu hupelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha. Kama hela inachukuliwa kwako kwa vitisho au kipigo, hilo si suala la bajeti. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au ustawi wa jamii. Na kama deni linakunyima usingizi wiki nzima au limeanza kukuletea mawazo ya kutotaka kuishi, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyohiyo, uombe kuonana na watu wa afya ya akili, uwaambie wazi kwamba chanzo ni madeni. Popote utakapokwenda kwa ajili ya deni lenyewe, beba daftari, nakala za mikataba yote na simu yenye meseji za marejesho. Hizo meseji usizifute.